Wifi Yangu Hauzwi kwa Bei ya Jumla

Notburga Kapinga,
Juu ya misheni,
Kigonsera, Mbinga.

Kwa Mkutubi Mkuu,
Maktaba ya Chuo,
Mbinga Mjini.

Ndugu Mkutubi Mkuu,

YAH: KUPINGA PUNGUZO LA KIKUNDI LINALONIHUSU MIMI NA MAREHEMU WIFI YANGU

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini barua haiwezi kusimama mlangoni ikisubiri kuamkiwa, kwa hiyo naitikia mapema tusipoteze muda. Wewe ni Florian, mtoto wa Tereza wa Litumbandyosi. Mama yako nilisoma naye kwa masista mpaka darasa la nne. Hapo mimi niliacha, yeye akaendelea, na ndiyo maana mtoto wake ana ofisi na mimi nina magoti mabaya. Lakini leo sikuandikii kama mama yako mdogo. Nakuandikia kama mlalamikaji. Popote utakapoona nimekuita mwanangu, ujue kalamu imeteleza, na wewe usome Ndugu.

Mjukuu wangu Winnie, ambaye anasoma hapo chuoni kwenu, alinisomea tangazo mlilobandika ukutani. Linasema maktaba kumi na moja za vyuo zinaungana kununua filamu za mafunzo kwa pamoja ili zipewe punguzo. Linasema mojawapo ni ile ya kilimo cha ngoro iliyopigwa shambani kwangu. Na mwisho linasema mwenye pingamizi aandike kabla mwezi haujaisha. Mimi ninalo. Ninayo mengi, nimeyapanga kwa namba kama tulivyofundishwa, ili usije ukasema bibi anaropoka.

Kwanza nieleze tulikotoka, maana najua barua za ofisini husomwa na watu wengi kuliko mwenyewe. Ngoro ni yale mashimo yetu ya kwenye mteremko, yanayozuia mvua isituhamishie udongo bondeni. Wanaume wanafyeka majani na kuyalaza miraba miraba, halafu sisi wanawake tunayafukia kwa udongo tunaouchota katikati ya kila mraba. Katikati linabaki shimo, pembeni linabaki tuta, na maharage yanakaa juu ya tuta kama wazungu kwenye veranda. Mwezi wa tatu mwaka juzi walikuja vijana wa kupiga filamu, wakaomba kutupiga tukilima. Nikakubali. Nilivaa kitenge changu cha Pasaka na kilemba kipya, kwa sababu niliambiwa filamu itakwenda vyuoni, na chuoni huendi na nguo ya shamba. Wifi yangu Vitalia, dada yake marehemu mume wangu Eusebius, alikuja na fulana ya kampeni iliyochanika kwapa. Nilimwambia Vitalia, wewe unataka taifa zima lione kwapa lako. Akaniambia wifi, taifa lina makwapa yake.

Niliwahutubia wale vijana kwa kirefu. Nilianza na padri wa kwanza kufika huku, nikaja kwenye ndoa yangu, nikaingia kwenye ngoro. Nadhani ni hotuba nzuri kupita zote nilizowahi kutoa, na nimetoa nyingi, nyingine bila kuombwa. Vitalia alikuwa pembeni anacheka. Kulitokea na jambo dogo katikati ya hotuba, ambalo si la kuandika kwenye barua. Kwa hiyo filamu hiyo ni mimi nikieleza, na Vitalia akicheka pembeni.

Kwaresma ya mwaka jana tulimzika Vitalia. Picha yake iliyobaki ni ya kadi ya mpiga kura, ambapo ametazama kama mtu aliyekamatwa na kuku asiye wake. Mume wake Jastini, ambaye shamba lake ni ule mteremko unaotazamana na nyumba yangu, tangu siku hiyo anaongea na mbuzi tu, na hata mbuzi anawaambia kwa ufupi. Mimi nilimwahidi Jastini mbele ya wanajumuiya kwamba kicheko cha mke wake kipo, hakijazikwa, kimewekwa chuoni. Sasa uelewe vizuri, mwanangu: hicho kicheko ndicho ninachokigombania. Mengine yote yanayofuata nagombania kwa sababu nimeshaanza.

1. Nimeishi na wafanyabiashara tangu nikiwa na meno yote, na sijawahi kumwona mtu akishusha bei bila kutoa kitu ndani. Mwenye sukari ya bei ndogo, kopo lake lina kitako kilichosukumwa juu. Wale wa magoma, wanaonunua kahawa yetu ikiwa bado mbichi mtini, wanakuja na maneno matamu na debe lililofutuka tumbo. Kwaya ya kigango chetu iliagiza sare kwa pamoja kwa fundi mmoja wa hapo mjini, simtaji kwa sababu bado ana gauni langu. Akatupa bei ya kikundi. Tulimpigia vigelegele dukani kwake. Sare zilipokuja, mikono iliishia kwenye viwiko, na kifua kilibana kiasi kwamba Aidan, mwimba besi wetu, siku ya Pasaka aliimba aleluya mikono ikining'inia kama nguo kwenye kamba, kwa sababu akiinua kidogo mshono unaanza kuimba kabla yake.

Sasa na nyinyi mmeshushiwa bei. Nauliza, mikono iko wapi? Nini kimetolewa kwenye filamu? Kisiniambie chuo kwamba hakuna. Mimi naweza kukuambia kilichotolewa bila kuangalia. Mwenye mkasi anatafuta asiyefanya kazi, na kwenye filamu ile mimi nalima na kuhutubia, Vitalia anacheka. Mkasi utaanza na nani? Winnie alisema ataomba ruhusa aniletee filamu kwenye kompyuta niione kwanza ndipo nilalamike. Nilimkatalia. Mtu akishaona kitu, hawezi tena kukilalamikia kwa uhuru.

2. Hesabu yenu imepinduka kichwa chini. Winnie amenieleza mara tatu, na mara ya tatu alieleza meno yakiwa yamefungwa. Maktaba zikiwa tano, bei ni kubwa. Zikifika kumi, bei inashuka. Zikizidi kumi, inashuka tena. Maana yake, kadiri tunavyotakiwa na watu wengi, ndivyo thamani yetu inavyopungua. Huo ni uchumi wa wapi? Hapa Mbinga wanunuzi wa kahawa wakiwa wengi, bei inapanda na watu wanaezeka bati. Akibaki mnunuzi mmoja, bei inalala na sisi tunalala nayo. Binti yangu Teodora alipochumbiwa na vijana watatu mwaka mmoja, Eusebius hakuwaita sebuleni akawaambia, vijana, kwa kuwa mmekuwa wengi, kila mmoja apunguze mbuzi. Aliwaangalia tu, na wenyewe wakaanza kuongeza.

Na mimi nimeifuata hesabu yenu mpaka mwisho wake, kwa sababu ndivyo nilivyo, nikianza kushuka mteremko sisimami katikati. Zikijiunga maktaba zote za mkoa, tunakuwa bei ya karanga. Zikijiunga za nchi nzima, tunakuwa bure. Na siku maktaba ya Malawi ng'ambo ya ziwa itakapojiunga, itabidi mimi Notburga nitoe gunia la maharage ndipo wakubali kututazama. Kwa kiburi nilicho nacho, gunia nitatoa. Lakini msimu huo tutakula nini?

3. Kuhusu huo umoja wenu wenyewe. Mimi umoja naujua. Sisi wanawake wa huku tuna ngokela, ambayo ni kulimiana kwa zamu: leo wote tuko shambani kwa Ottilia, kesho kutwa wote tuko kwangu, na mwenye shamba siku hiyo ndiye anayepika na kukoroga togwa. Kila mtu anajua leo ni kwa nani. Umoja wenu wa maktaba kumi na moja, nani anapika?

Halafu Winnie anasema eti kila maktaba inachangia kipande cha bei lakini kila moja inaondoka na filamu nzima. Hapo ndipo niliposimama nikaenda kunywa maji. Noeli moja nyumba sita tulinunua ng'ombe mmoja kwa pamoja. Hakuna nyumba iliyoondoka na ng'ombe mzima. Mimi mwenyewe niliondoka na ubavu na sehemu nyingine ambayo Ottilia alidai ni ya kwake, na hatukusemeshana mpaka Epifania. Winnie akaniambia bibi, filamu si ng'ombe. Nikamwambia najua si ng'ombe, ng'ombe angeshapiga kelele. Kwa mtindo wenu, wale vijana watatu wangechangia mahari na kila mmoja angeondoka na Teodora mzima.

Kwa hiyo nadai mfuate utaratibu wa ngokela. Vitalia azunguke kwa zamu, maktaba moja baada ya nyingine, na zamu ya kwanza iwe ya mwenye shamba. Mwenye shamba ni mimi. Maktaba itakayompokea ipike.

4. Hii namba ni fupi ila inauma. Mmetufunga kwenye furushi moja na filamu ya minyoo ya nguruwe, na minyoo imetangulia kwenye tangazo. Sina ugomvi na minyoo, nayo ina elimu yake. Lakini mimi nilivaa kitenge cha Pasaka.

Na kuna Oliva. Oliva ni mama wa Chiwanda, huko chini ziwani, anayeleta usipa, wale dagaa wa ziwani, sokoni Mbinga. Na yeye alipigwa filamu, ya kuanika usipa kwenye chanja. Filamu yake haimo kwenye punguzo lenu, vyuo vimeinunua kwa bei kamili. Mwezi uliopita nilikwenda kununua usipa kwake. Akanipimia, halafu akasimama, akanitazama, akaniuliza kwa upole mbele ya foleni nzima kama ni kweli mimi niko kwenye furushi la nguruwe. Halafu akaniongezea konzi mbili. Ndugu Mkutubi, nimenunua samaki kwa Oliva miaka na miaka, na ile ilikuwa nyongeza yake ya kwanza. Alinihurumia. Nilipokea, kwa sababu usipa haukuwa na kosa, lakini nilipanda gari la kurudi Kigonsera nimeinamisha kichwa kama mtu aliyefumaniwa.

5. Mahali penyewe mnapotaka kumweka marehemu. Siku hiyo hiyo ya usipa nilifika maktabani kwako. Wewe ulikuwa semina. Nilimkuta kijana mpole, akaniamkia kwa kunong'ona na kuniambia bibi, humu hatuongei. Nikamwitikia marahaba kwa sauti yangu ya kawaida, na watu wote wakageuka, wengine wakidhani ni tangazo. Nikapelekwa pale wanapoangalizia filamu. Nilikuta kila mtu na kioo chake na vidude masikioni, hakuna anayemsikia mwenzake. Msichana mmoja alikuwa anacheka bila sauti, mabega yanatikisika, macho yana machozi. Nikafikiri kafiwa, nikampa pole, akaruka.

Sasa sikiliza. Kicheko cha Vitalia hakikuwa cha mtu mmoja. Akicheka upande huu wa mteremko, watu wa mteremko wa pili walikuwa wanaegemea majembe na kuuliza kuna nini, na kabla hawajajibiwa wameshaanza kucheka. Siku moja padri alimtoa nje ya kanisa katikati ya ubatizo kwa ajili ya kicheko hicho, na baada ya muda mfupi padri naye akatoka nje, akasema anatafuta hewa. Mtu wa namna hiyo nyinyi mnataka kumchomeka kwenye sikio moja la mwanafunzi, kimya kimya, kama dawa ya usaha. Hapana. Vitalia hakunong'ona akiwa hai, na hataanza kunong'ona kwa punguzo.

6. La sita lilikuwa kubwa kuliko yote lakini limenitoka nilipokwenda kufukuza kuku. Likirudi nitaliongeza. Wewe liheshimu hivyo hivyo.

Basi, kwa kuwa umeyasoma, nakuja kwenye maombi. Ninaomba punguzo lifutwe. Kama halifutiki, ligeuzwe: kila maktaba inayoongezeka iongeze bei, kama vijana wa Teodora. Minyoo ipewe furushi lake. Hapo maktabani itengwe siku moja kila juma ya kucheka kwa sauti, na yule kijana mpole awe wa kwanza, inaonekana anahitaji. Mtu aliyeshika mkasi aletwe Kigonsera aniambie usoni amekata nini, na namhakikishia usalama wake mpaka atakapojibu.

Kama hayo yote hayawezekani, basi maktaba yoyote isinunue, na Vitalia arudishwe nyumbani. Nina kabati lenye kufuli. Kama sheria inasema filamu ya mafunzo lazima ikae kwenye maktaba ya chuo, mimi sioni kwa nini nyumba yangu isitambuliwe kuwa chuo. Ina chumba cha wageni kisicho na wageni. Ina vitabu: Misale, kitabu cha nyimbo, na kimoja cha mbolea ambacho hakijawahi kufunguliwa, kama vingi vya kwako nilivyoviona. Ina mwalimu anayeongea mfululizo. Ina wanafunzi, maana wajukuu wanakuja likizo wakitaka wasitake. Kimya ndicho hakuna, lakini nimeshaeleza msimamo wangu kuhusu kimya. Na kama nyumba yangu haiwezi kuwa chuo, basi chuo kihamie kwangu, shamba lipo, ila mtachimba msingi kwa adabu kwenye mteremko ule, na mtapita pembeni ya ngoro, siyo juu yake.

Nafikiri nimekuwa mpole.

Msalimie mama yako Tereza, mwambie rula yake ya darasa la nne ninayo mimi na sirudishi. Msalimie mke wako, wapishi wa chuo, mlinzi wa getini aliyenibebea kapu la usipa bila kuziba pua, na yule msichana wa mabega. Wasalimie wakutubi wenzako kumi, hata kama sasa tuna kesi. Oliva ukimwona sokoni, mwambie usipa ulikuwa na mchanga. Haukuwa nao, lakini mwambie.

Nimekaa nasubiri majibu. Ningesubiri nimesimama kama inavyotakiwa kwa mtu mwenye hasira, ila magoti hayajanipa ruhusa.

Ni mimi,
Notburga Kapinga,
mwenye shamba na mhusika mkuu wa filamu.

Baada ya sahihi. Mwanangu Florian, kama umeanza kutekeleza, acha kwanza.

Barua ilikuwa mezani, bahasha iko wazi, naisubiri Jumatatu gari literemke mjini. Jumamosi Winnie akaja na kompyuta na filamu ndani yake, kwa ruhusa yako wewe mwenyewe, wewe niliyekusema kurasa zote hizi. Nikawa nimeshasaini, kwa hiyo nikaona uhuru wangu wa kulalamika uko salama, nikakubali kuangalia. Ilikuwa mchana, tukaziba dirisha na mlango kwa mablanketi ili kioo kionekane. Wanawake wa ngokela wakaja wote, wakajaa kitandani, kwenye magunia, na Ottilia akakaa kwenye kiti changu.

Filamu ni Vitalia. Mwanzo mpaka mwisho ni Vitalia, na fulana yake ya kampeni na kwapa lake. Ndiye anayeeleza majani yalazwe vipi na kwa nini shimo likae katikati, na anaeleza taratibu, kwa maneno machache, mtu unaelewa. Hotuba yangu haimo. Padri wa kwanza hayumo, ndoa yangu haimo. Mimi nimo, lakini nimo kama mgongo. Kwa mbali nyuma yake kuna mtu ameinama na kitenge cha Pasaka, na mimi sikujitambua mpaka nilipokiona kitenge. Ottilia akasema yeye alishanitambua kabla ya kitenge, na wote wakajua amemaanisha sehemu gani.

Na lile jambo dogo nililosema si la barua, limo lote. Nimeinuka, nimegeuka, nawahutubia wale vijana huku narudi nyuma, mkono juu kama askofu. Halafu sipo. Nimeingia kwenye shimo la ngoro nililolichimba mwenyewe asubuhi ile, na kinachoonekana ni kilemba tu, kipya, kikiendelea kutikisika kwa sababu nilikuwa bado naongea. Vitalia anageuka. Anatazama. Ndipo kinapoanza.

Winnie alikuwa ameweka sauti ya mwisho kabisa, kwa jinsi nilivyomfokea kuhusu vidude vya masikioni. Kicheko kikajaa chumbani, kikatoka nje. Sisi sote tulikuwa tunacheka na kulia, ndipo blanketi la mlangoni likafunguka, na Jastini akawa amesimama pale na jembe mkononi, udongo mpaka magotini. Alikuwa ng'ambo, kwenye mteremko wake. Alisikia, akaja kama alivyokuwa. Alimtazama mke wake kwenye kioo mpaka alipomaliza kucheka na kurudi kwenye habari ya majani. Kisha akasema neno moja, na halikuwa la mbuzi. Akasema, rudisheni.

Tukarudisha. Akarudishiwa mpaka kompyuta ikaishiwa moto. Halafu akakaa, akala ugali kwangu, akasema kitenge kile ni kizuri, kinaonekana hata mtu akiwa shimoni.

Hakuna kilichokatwa. Winnie ameapa kwamba filamu ya bei ya chini ni ile ile ya bei ya juu, na mimi nimeiona kwa macho yangu. Ningeandika barua upya lakini karatasi ni hizi hizi na mkono umechoka, kwa hiyo soma namba zote tano kwa makini, halafu fanya kinyume chake. La sita nimelikumbuka, nalo lifanyie hivyo hivyo. Punguzeni bei. Ongezeni maktaba, zifike ishirini, zifike hamsini, waiteni na wale wa Malawi, gunia la maharage lipo. Minyoo ibaki kwenye furushi, itatutambulisha kwa watu wa nguruwe. Kwangu futa mhusika mkuu, andika mgongo. Na uniulizie kama jumuiya yetu inaweza kuingia kwenye hicho kikundi kama maktaba ya kumi na mbili, kwa punguzo lile lile. Kupika tutapika sisi.

Ombi langu moja lililobaki ni kwa mwenye mkasi, kama siku moja ataona filamu ni ndefu. Akate maelezo, akate majani, akate hata mteremko, lakini pale ninapoanguka asipaguse. Mimi niko tayari kuanguka katika kila chuo, kila siku, kwa bei yoyote, ilimradi yeye ageuke na kuniona.